Kadi ya Mwanyumba na Kiti cha Mbele

Jumapili, 4 Mei

Leo saa tisa na dakika ishirini alasiri nimempoteza baba mkwe. Hakufa. Mzima wa afya, kala sahani mbili na kuongeza mchuzi. Amenihama tu. Katoka kwenye kiti cha mbele cha gari langu, alichokalia miaka kumi na moja, kaingia kiti cha mbele cha gari la mwanyumba wangu.

Ilikuwa hivi. Tumeshiba, tumekaa barazani kwa mzee. Mwanyumba, yaani yule aliyemwoa mdogo wa mke wangu, akafika wa mwisho, makusudi, ili wote tuwe tumekaa tunatazama getini. Gari jipya. Halina mlio, limeingia uani kama paka. Akashuka. Hakubonyeza kitu, hakuzungusha kitu. Alitoa mfukoni kadi nyeusi, ukubwa wa kitambulisho, akaigusisha kwenye nguzo iliyo katikati ya mlango wa mbele na wa nyuma. Vioo vya pembeni vikajikunja vyenyewe, taratibu, kama bwana mkubwa anayefumbata mikono. Basi. Limefungwa.

Watu wakasimama kutazama. Mke wangu naye kasimama. Nimemwona!

Shemeji akatangaza kwamba kwao sasa hakuna funguo. Kuna kadi tu, mbili, moja anatembea nayo mumewe na nyingine ipo kabatini. Hilo "kabatini" kalitamka kwa madaha, utadhani wengine tunaweka vitu vyetu juu ya mti.

Nikatoa rimoti yangu. Nikabonyeza. Gari langu likalia pii-pii, kama ilivyo desturi yake. Hakuna aliyegeuka. Kuku mmoja tu.

Mzee akaomba azungushwe mtaani mara moja. Wamekaa huko dakika kumi na saba. Karudi anacheka, meno yote nje. Na meno yenyewe ni ya mwanyumba, maana ndiyo kazi yake, kutengeneza meno ya bandia. Yeye kampa mzee meno. Mimi nimempa kadi ya kliniki iliyopigwa laminesheni, haiingii maji hata ukiichovya kwenye ndoo. Nani kafanya kikubwa? Sisemi.

Kisha mzee, mbele ya ukoo mzima, akasema Ijumaa ataenda kliniki ya macho na gari lile jipya. Mimi nipumzike.

Nipumzike! Nani kaomba likizo?

Hesabu, kwa kumbukumbu. Safari nilizompeleka mzee tangu ninunue gari: 214. Za kliniki ya macho: 61. Nilizochelewa: sifuri. Nilipokwenda kumposa binti yake nilikuwa nakata picha za pasipoti kwa mkasi mmoja, meza yangu iko kando ya barabara. Mzee aliniuliza swali moja tu: mvua ikinyesha? Sikuwa na jibu. Leo nina duka, mashine mbili za laminesheni, fotokopi ya rangi, na paa. Lakini nyumbani kwake hajawahi kunipa neno. Hunipa ndani ya gari tu. Humo ndimo anamozungumza. Safari ya 38, tumesimama kwenye taa nyekundu, ndipo aliponiita "mwanangu" kwa mara ya kwanza. Nilichelewa kuondoka, nikapigiwa honi na magari manne.

Sasa atamwita nani humo ndani?

Huu si wivu. Wivu ni wa wasio na gari.


Jumatatu, 5 Mei

Nimelala vibaya, nimeamka na hoja. Kadi ile ina udhaifu! Lazima uiguse kwenye gari. Maana yake lazima uwe pale pale. Rimoti inafunga kwa mbali. Kwa mbali kiasi gani? Hapo ndipo mfanyabiashara anapotofautiana na mtengeneza meno. Mimi napima.

Saa tatu asubuhi, uwanja ulio nyuma ya duka. Rimoti mkononi: hatua 31. Rimoti juu ya kichwa: hatua 36. Fundi viatu, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, akaniambia kasikia kwamba ukiigandamiza kidevuni inafika mbali zaidi. Nimemdharau, kisha nimejaribu. Hatua 44! Nikafungua mdomo. Hatua 47!

Mteja mmoja wa mihuri akaniuliza kama jino linaniuma. Nikamwambia huu ni utafiti. Akasema yuko mtu anatengeneza meno mazuri sana, anipe namba yake. Nikamwambia muhuri wake utakuwa tayari keshokutwa. Ulikuwa tayari.

Saa kumi na moja jioni nikaenda kwa mzee na mke wangu. Nimeegesha mwisho kabisa wa uchochoro, nikatembea hatua 46 mpaka barazani, nikageuka, rimoti kidevuni, mdomo wazi. Pii-pii. Safi! Nikamweleza mzee: mwingine lazima abaki nyuma akipapasa nguzo za gari, mimi nikifunga nimeshafika mlangoni kwako.

Mzee haoni sawasawa. Jicho la kulia limezimwa na presha ya macho. La kushoto anaona watu kama vivuli. Akaelekeza sikio upande wa uchochoro. Akauliza, nikiwa mbali hivyo, najuaje kama mlango umefunga kweli. Nikamwambia gari linalia.

Akauliza linamlilia nani.

Sikupenda swali lile. Nimekunywa chai, nimeondoka. Mke wangu njiani kaniuliza kwa nini nilikuwa naachama mbele ya baba yake.


Jumanne, 6 Mei

Mpango mpya. Sitashindana kwa vifaa, nitashindana kwa elimu. Mzee anaheshimu elimu.

Nimeandaa bango kubwa, herufi nyekundu: KANUNI SABA ZA KUFUNGA GARI KWA USALAMA. Nimekusanya kwa wateja, kwa dereva wa teksi anayeegesha mbele ya duka, na kwa kichwa changu. Usibonyeze huku unaondoka na simu sikioni. Subiri taa zipepese. Usitundike ufunguo karibu na mlango wa nyumba. Rimoti ya akiba isikae ndani ya gari lenyewe (dereva wa teksi kayajua hayo kwa machozi). Tena wapo wezi wenye kidude kinachomeza mawasiliano ya rimoti, unabonyeza na hakuna kilichofungwa, wewe unaenda zako na furaha. Kwa hiyo kanuni ya kwanza, niliyoipigia mistari miwili: UKISHAFUNGA, VUTA KITASA.

Laminesheni nene. Kona nimezizungusha kwa kikata kona changu. Kazi ya kutundikwa ofisini.

Nimefika kwa mzee saa kumi na moja, mimi na mke wangu. Mwanyumba yupo! Anasema kaja kusaga meno ya chini, yanambana mzee. Wiki hii kila jioni atakuja kidogo kidogo. Kidogo kidogo! Meno gani hayo, au anasaga mahindi?

Kwa kuwa mzee hawezi kusoma, nikamsomea bango kwa sauti. Mwanyumba alisikiliza kama mwanafunzi mwema, mikono magotini. Nilipomaliza akasema kanuni ya kwanza ndiyo kubwa kuliko zote. Nikaona kumbe mtu huyu anajua kutambua akili. Akainuka. Akaenda kwenye gari langu, nililokuwa nimelifunga kwa pii-pii dakika ile ile. Akavuta mlango wa mbele. Umefungwa. Nikatikisa kichwa kumwonyesha mzee, ingawa haoni. Akazunguka. Akavuta mlango wa nyuma, kushoto.

Ukafunguka.

Haukufunguka kwa aibu. Ulifunguka wote, pana, kama mlango wa duka asubuhi. Ndani rimu zangu tano za karatasi na kandambili.

Mwanyumba akauliza kwa upole, na upole ndiyo sumu yake, mlango huu umekuwa hivi tangu lini. Nikasema tangu leo. Mke wangu akasema tangu tulipohamia nyumba ya sasa. Hakuna aliyemuuliza. Tumehamia miaka minne iliyopita.

Mwanyumba akasema anamfahamu fundi mzuri wa loki za gari. Hakucheka. Angecheka ningejua la kumfanya.

Nilipokuwa naondoka nimeona bango langu limelazwa mezani, birika juu yake. Mama mkwe kasema lafaa sana, halipitishi maji.


Jumatano, 7 Mei

Siku mbili zimebaki. Leo nitaandika yote.

Wazo lilinijia saa nne asubuhi, nikiwa napiga fotokopi ya kitambulisho cha mteja. Kadi ni kadi! Kazi yangu ni nini? Miaka ishirini na miwili nafanya nini? Nikiweza kutoa nakala ya kadi ya mwanyumba, mwizi naye ataweza. Nitaigusisha kwenye gari lake mbele ya mzee, mlango utafunguka, nami nitasema kwa huzuni kidogo: Baba, hiki ndicho chombo wanachotaka kukupandisha.

Jioni mwanyumba kaja na mota yake ndogo ya kusagia. Kama kawaida kaweka kadi juu ya meza, karibu na bilauri ya meno, akaenda kunawa, kisha akaketi na kazi yake uani. Kazi yenyewe huchukua dakika arobaini. Duka langu liko mwendo wa dakika nne. Nikasema naenda kuzima taa niliyoisahau.

Saa kumi na moja na dakika sita niko dukani, kadi yake mkononi. Nakala ya mbele, nakala ya nyuma, gundi, kadi ngumu katikati, plastiki, mashine. Nimekata. Nimezungusha kona. Nikaiweka kando ya ile ya kwake, na nasema kweli, ya kwangu ilikuwa nzuri zaidi! Yake ilikuwa na mikwaruzo. Mikwaruzo hiyo mimi nimeiondoa kwenye kompyuta. Yake imefifia, yangu inameta. Zimelala pale mezani kama mtu na picha yake ya harusi.

Kilichofuata sikukusudia. Mikono yangu imezoea. Kitu chochote kilichofifia kikikaa mezani kwangu, mikono inajua pa kukipeleka. Nikiwa nawaza namna nitakavyolitamka lile neno "Baba", mikono ikaitia kadi ya mwanyumba kwenye plastiki, ikaisukuma kwenye mashine. Joto nyuzi 140.

Nilishtuka nusu yake imeshamezwa. Kitufe cha kurudisha kilivunjika mwaka juzi. Nilisimama nikiitazama ikienda, sentimita moja baada ya nyingine, kwa mwendo niliouweka mimi mwenyewe.

Ilitoka upande wa pili imepinda kama ukucha. Ina joto. Ina harufu ya mpira ulioungua. Katikati imetoa kinundu.

Saa kumi na moja na dakika thelathini na nne. Mezani kuna mbili: moja maiti, moja mrembo. Nilichukua ya kurudisha. Mtu mwenye dakika nne angechukua ipi?

Nikaiweka kando ya bilauri. Mwanyumba alipomaliza aliitia mfukoni bila kuitazama. Akaaga. Akaigusisha kwenye nguzo. Vioo kimya. Akaifuta kwenye shati. Kimya. Akaigeuza, akaipuliza, akabadilisha mkono. Mara kumi na moja, nimehesabu. Hapo ndipo nilipotoka, polepole, mikono nyuma, nikauliza kuna nini.

Nilijitolea kumpeleka kwake akachukue ile ya kabatini. Nikasema kwa sauti ya kufika barazani kwamba rimoti haijawahi kunikataa. Njiani mwanyumba kanishukuru mara tatu. Shukrani ya tatu iliniingia kama kijiwe ndani ya kiatu. Nikaongeza sauti ya redio.

Kwa kadi ya akiba gari lake lilifunguka mara moja. Ile nakala kaiacha mezani kwa mzee, anasema ameichoka kwa leo. Nami nikasema neno langu, kwa huruma: kliniki ni mbali, kadi sasa ni moja, na macho ni ya mzee. Je, hiyo moja nayo ikigoma huko?

Mzee akasema atafikiria.

Atafikiria! Jana hakuwa anafikiria. Maiti iko mfukoni mwangu. Nimekula vizuri.


Alhamisi, 8 Mei

Nimeitwa kwa mzee saa kumi. Mke wangu hakuniambia ni kwa ajili ya nini, ila alivaa viatu kabla yangu.

Wamekaa wote: mama mkwe, shemeji, mwanyumba. Mzee katikati, mkononi ana ile nakala yangu. Hakuwa anaitazama, maana haoni. Alikuwa anaizungusha vidoleni. Kona, kona, kona, kona. Anafika kwenye ya nne, anasimama, anarudia.

Kisha akatoa mfukoni mwa shati kadi yake ya kliniki. Akaipapasa vile vile. Kona ya nne, akasimama.

Nilijua pale pale. Kikata kona changu kiliwahi kuanguka chini, makali yakapata pengo dogo. Kila ninachokata kinabaki na kijino kwenye kona moja. Kidogo sana. Miaka yote hii hakuna mteja aliyekiona. Wateja wanatumia macho.

Mzee akampa mwanyumba kadi zote mbili. Mtu ambaye kazi yake ni meno! Alipitisha kidole gumba mara moja tu, akanitazama, akaziweka mezani. Nimemchukia kuliko siku zote.

Nikaeleza. Nikasema yalikuwa majaribio ya usalama. Nikataja wezi, nikataja kidude kinachomeza mawasiliano, nikataja kanuni ya nne. Mke wangu alikuwa anatazama dari. Nilipofika kanuni ya sita mzee akauliza ya kweli iko wapi.

Nikaitoa mfukoni. Nikaiweka mezani. Kwa sababu imepinda, haikutulia. Ilibembea yenyewe: tika, tika, tika, tika. Watu wazima sita tukakaa tukisikiliza kadi inabembea mpaka ikachoka.

Mzee akasema: "Kesho tunakwenda wote. Kwa gari lake. Wewe utakaa nyuma."

Nje, mwanyumba akanifuata mpaka kwenye gari langu. Nikajiandaa kwa matusi. Akasema, kwa sauti yake ile ya pamba: "Mwanyumba, ungeniomba tu, ningekupa ukaitazame siku nzima."

Basi ndiyo hayo. Hata kugombana na mimi hataki. Mlango wa nyuma kushoto ulikuwa wazi, kaufunga yeye.


Ijumaa, 9 Mei

Kiti cha nyuma. Miaka kumi na moja sijui kisogo cha mzee kilivyo. Leo nimekitazama dakika hamsini na mbili. Kina makunyanzi matatu.

Gari lile halina mlio, kwa hiyo ukilikalia nyuma unasikia kila kinachosemwa mbele. Mzee alikuwa anamsimulia mwanyumba habari ya redio aliyoifungua na kuifunga akiwa kijana, vipande vikabaki nje na bado ikaimba. Nilikaribia kupiga kelele. Hadithi ile ni yangu! Nimesimuliwa safari ya 112! Na mwanyumba hata hakucheka panapostahili. Alicheka mapema.

Tukafika kliniki. Maegesho yamejaa, nafasi moja. Nikaruka nje haraka kumshika mzee mkono, kama ninavyofanya siku zote. Mwanyumba akaninyooshea kiganja, nisubiri. Alikuwa ameshuka, yuko upande wa pili, hamshiki mzee, hamwongozi. Kampa kadi, basi.

Mzee akashika ukingo wa mlango kwa mkono wa kushoto. Akausukuma ukafunga. Vidole vikatembea mpaka kwenye nguzo. Akagusisha kadi. Vioo vikajikunja, naye akainamisha kichwa, anavisikiliza. Kisha akavuta kitasa. Akapapasa boneti, akazunguka, kitasa cha pili. Cha tatu. Cha nne. Gari lote kalipitia kwa mkono. Dakika tatu. Nyuma yetu dereva mmoja kapiga honi, mwanyumba akamwashiria atulie.

"Limefungwa," mzee akasema. Akaitia kadi kwenye mfuko wake wa shati, akaupigapiga mfuko.

Daktari kasema jicho la kulia halitarudi. La kushoto watajitahidi libaki hapo lilipo. Mzee alisikiliza, akauliza tarehe ya kurudi, Ijumaa ya tarehe 23, akasema asante.

Mwanyumba alipokwenda kufuata dawa tulibaki wawili kwenye benchi. Nikaona ndiyo nafasi. Nikaanza kumweleza kuhusu hatua 47. Akaniwekea mkono gotini.

"Miaka kumi na moja, mwanangu," akasema, "hujaniachia hata siku moja nibonyeze."

Nikamwambia rimoti ni ngumu kidogo.

"Nyumbani nakatiwa nyama. Nafungwa viatu. Nashikwa mkono mpaka mlangoni mwa choo. Lile gari nalifunga mwenyewe."

Ilikuwa kama siku ile ya swali la mvua. Nimekaa nikahesabu kimoyomoyo: safari 214, kufunga mara moja kwenda na mara moja kurudi, jumla 428. Za mzee: sifuri. Namba zote nimeziandika kwenye daftari hili, hiyo sikuwahi kuiandika.

Kurudi nilikaa nyuma tena. Sikumsikiliza anachomwambia mwanyumba. Nilikuwa nawaza. Na kwa unyenyekevu kabisa naandika: nimemwelewa mzee.


Jumamosi, 10 Mei

Nimemwelewa, na leo nimeshughulika tangu saa moja asubuhi.

Rimoti yenyewe kumpa haiwezekani. Vitufe ni vidogo, chekundu ni cha king'ora, na gari la umri ule rimoti yake haipatikani tena. Ila mzee hakuomba rimoti. Mzee anataka kufunga. Basi nimemtengenezea kadi!

Nyeusi. Nene kuliko ya mwanyumba. Laminesheni pande zote, nimeipitisha mara mbili kwa nyuzi 140, kwa hii hakuna hasara, ndani haina kitu. Mzee ataigusisha kwenye nguzo. Mimi nitakuwa nimesimama pembeni, mkono mfukoni, rimoti mkononi. Akigusa, nabonyeza. Pii-pii. Kafunga mwenyewe!

Tumefanya majaribio na fundi viatu, kafumba macho. Mara kumi. Tisa zimekwenda sawasawa kabisa. Ya kumi nilipiga chafya, gari likalia kabla hajafika. Akasema ni gari lenye heshima.

Kijino cha kona nimekipiga msasa. Hakipapasiki tena.

Kuhusu mlango wa nyuma kushoto, niliubandikia kibao cha laminesheni: MLANGO HUU USIVUTWE. Kisha nikakumbuka kwamba mhusika hasomi. Kwa hiyo nitakuwa namshusha mzee kwanza, kisha naegesha upande ule ukiwa umeegemea ukuta. Kliniki ina ukuta mrefu, nimeupima jana kabla hatujaondoka. Magari sita yanaenea.

Mke wangu kaniuliza kama nilielewa alichosema baba yake. Nikamwambia nimeelewa chote, ndiyo maana nimetengeneza kadi. Akaniomba nirudie. Nikarudia. Akaenda kulala, saa tano asubuhi.

Barua ataipeleka shemeji, mzee asomewe. Naiandika hapa nibaki na nakala, herufi kwa herufi:

"Baba, shikamoo. Mimi mkweo mkubwa. Jumapili iliyopita, saa tisa na dakika ishirini alasiri, nilikupoteza. Sina kinyongo na mtu. Kuanzia sasa gari langu nalo linafungwa kwa kadi, na kadi hiyo ni yako peke yako, hata mimi sina. Utalifunga mwenyewe, nami nitasimama tu pembeni. Ninachoomba ni jambo moja. Ijumaa tarehe 23 utakaa kiti cha mbele cha gari langu, ndiyo au hapana? Jibu liwe la moja kwa moja. 'Nitafikiria' sitalipokea, nimeshawahi kupewa. Mwisho ni Jumatano, saa kumi kamili jioni. Ukinyamaza nitahesabu ni ndiyo, na hiyo itakuwa safari ya 215. Kadi nimeiambatanisha. Tafadhali usimpe mwanyumba aishike."